Sauti Nzito Nyuma ya Pazia

Kila asubuhi, kabla jua halijauangaza vizuri mji wa Embu, Rahema alikuwa ameshateka maji, ameshafagia ua na ameshabandika uji. Uji ukiiva aliumimina katika bakuli la bati, akampelekea mama yake chumbani, kisha akasimama mlangoni kama askari wa zamu mpaka bakuli likauke. Mama akijaribu kubakisha kidogo, Rahema hakubanduka. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, mwembamba, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kujibu. Baba yake, Idrisi, aliyekuwa na bucha ndogo katika mtaa wa Majengo, alizoea kusema kwamba ulimi wa binti yake ungeweza kukata nyama bila kunolewa.

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari. Watoto wa leo hawaijui miaka hiyo, na ni heri yao. Serikali ya kikoloni ilikuwa ikipigana na wapiganaji wa uhuru waliokuwa katika msitu wa Mlima Kenya, na raia ndio waliobanwa katikati. Hukuweza kusafiri bila pasi. Hukuweza kuonekana barabarani baada ya jua kutua. Na mgeni akilala kwako, hata akiwa ndugu yako wa tumbo moja, ilikuwa lazima aandikishwe kwa mzee wa mtaa siku hiyo hiyo. Asipoandikishwa, yeye na mwenyeji wake walijitia mashakani.

Mama yake Rahema, Mwanabibi, alikuwa mgonjwa. Mwaka uliotangulia alikuwa amegusa uvimbe mgumu katika titi lake la kushoto. Katika hospitali moja ya misheni upande wa Meru daktari alimwambia kwamba ni saratani, na titi likakatwa. Lakini uvimbe mwingine ulikuwa umeshajificha kwapani, kwa hiyo akaanzishiwa sindano za dawa kila Alhamisi. Dawa yenyewe ilikuwa nzito kama mafuta ya kupikia, na siku ya sindano mama alikaa upande upande mpaka Ijumaa. Hata hivyo ilifanya kazi. Miezi michache baadaye ule uvimbe wa kwapani ulinywea. Mama akaanza kula, akaanza kugombana na wauza mboga kuhusu bei, na nyumba nzima ikajua kwamba anapona.

Kisha sauti yake ikaanza kubadilika.

Hapo ndipo penye kisa chetu, na ili ukielewe ni lazima uijue Majengo ya siku zile. Mwanamke wa Kiislamu mwenye staha zake hakukimbilia mlangoni aliposikia hodi. Alijibu akiwa nyuma ya pazia. Mgeni akiwa mwanamke, alikaribishwa ndani. Akiwa mwanamume, alieleza shida yake akiwa barazani, akajibiwa, akaenda zake. Kulikuwa na watu waliokuwa wamenunua nyama kwa Idrisi miaka nenda miaka rudi na hawajapata kuuona uso wa mkewe. Lakini sauti yake waliijua, nyembamba na safi, kama unavyoijua kengele ya shule yako.

Mwanzoni sauti ilikwaruza tu. Mama akadhani ni mafua, akanywa chai ya tangawizi na ndimu. Mafua gani hayo yasiyo na kikohozi? Wiki zikapita, sauti ikazidi kushuka, ikawa nene, ikatoka kifuani badala ya kooni. Siku moja mteja alibisha hodi, mama akauliza, "Nani?" na yule mtu akajibu kwa furaha, "Salaam aleikum, Bwana Idrisi! Nipimie ratili mbili za mbuzi!"

Rahema aliangua kicheko. Alipogeuka na kuona macho ya mama yake yamejaa machozi, aliziba mdomo kwa kiganja.

Baadaye nywele zikachomoza kidevuni mwa mama, na chunusi zikamtoka usoni kama za kijana anayebalehe. Rahema alimkuta karibu na dirisha, ameshika kioo kidogo na kibano, anazing'oa moja baada ya nyingine huku akiuma mdomo kwa maumivu. Hospitalini hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba mambo kama hayo yangetokea. Pengine amerogwa, mama aliwaza. Pengine dawa ilikuwa imeharibika.

"Walikata titi, nikasema alhamdulillahi, bora niko hai," mama alisema kwa ile sauti nene aliyoichukia. "Sasa na sauti imekwenda. Ndevu hizi hapa. Kesho nitakuwa nini, Rahema?"

Rahema, ambaye siku zote alikuwa na majibu mawili kwa kila swali, alikichukua kile kioo mkononi mwake na kukigeuza kifudifudi.

Tangu siku hiyo mama aliacha kuongea. Alipotaka kitu alipiga makofi, au aligonga sufuria kwa mwiko. Na Alhamisi ilipofika alivaa buibui lake, akasimama kidogo, akalivua na kulirudisha kwenye msumari. Baba alipomuuliza, alimjibu kwa kunong'ona kwamba nesi amempa mapumziko. Baba naye hakuchunguza. Alikuwa amepata pasi ya kwenda Ishiara, huko nchi kavu ya Wambeere, kununua mbuzi kwa rafiki yake Mbaka, na akili yake yote ilikuwa kwenye mbuzi. Aliondoka. Mama akamgeukia Rahema, akaweka kidole kwenye midomo yake mwenyewe kumwonya asiseme. Alhamisi iliyofuata buibui halikutoka msumarini kabisa.

Siku moja jioni Rahema alikuwa amekaa barazani na rafiki yake Mwanatatu wakicheza mdako. Mwanatatu alikuwa mtoto wa Mzee Abdulatif, mzee wa mtaa, yule yule aliyeandikisha wageni. Mchezo ulikuwa umenoga. Ndani mama alikuwa akipika, na kwa kuwa jikoni moshi ulikuwa mwingi na mikono yake imejaa unga, alijisahau.

"Rahema! Chumvi umeiweka wapi?"

Vijiwe vilimponyoka Mwanatatu. "Huyo ni nani?" aliuliza, macho yamemtoka. "Si baba yako yuko Ishiara?"

Rahema angeweza kusema ukweli. Mwanatatu angecheka siku moja au mbili, halafu angesahau. Lakini aibu haimpi mtu nafasi ya kufikiri. Aliona sauti ya mama yake ikichezewa shuleni, wavulana wakiiga mstarini, na ulimi wake mwepesi ukamwahi.

"Ni mjomba Rashid," alisema. "Ametoka Laare. Amekuja kumjulia hali mama."

Mjomba Rashid alikuwepo kweli. Alikuwa kaka ya mama, mfanyabiashara wa nguo huko Laare katika milima ya Nyambene, na sauti yake ilikuwa nene. Kwa hiyo uongo ulikaa vizuri, kama nguo iliyoshonwa kwa kipimo. Kitu kimoja tu Rahema alikisahau: rafiki yake alikuwa mtoto wa nani.

Mwanatatu hakuwa na nia mbaya. Usiku huo, wakila, alisema tu, "Mjomba Rashid wa kina Rahema ana sauti! Akiita mtu, hata wa barabarani anageuka."

Mzee Abdulatif alilirudisha tonge lake kwenye sahani. Hakukuwa na Rashid yeyote aliyeandikishwa.

Kesho yake asubuhi, kabla ya kwenda shuleni, Rahema alimsaidia mama kufunga kitambaa kichwani. Mama alipoinua mkono alishtuka kwa maumivu. Rahema akapeleka vidole kwapani mwake, na hapo akaugusa. Ulikuwa mdogo kama punje ya harage, lakini ulikuwepo. Uvimbe ulikuwa umerudi.

"Mama, twende hospitali," alisema.

Mama alitikisa kichwa.

"Mama, tafadhali!"

Mama aliteremsha mkono, akavuta kanga yake na kuketi akitazama ukuta. Siku nzima darasani Rahema hakusikia hata neno moja la mwalimu. Aliitazama mikono yake mwenyewe, akawaza jinsi kile kipunje kitakavyokua kama hakuna wa kukizuia.

Aliporudi nyumbani alikuta wanaume wawili barazani. Mmoja alikuwa Mzee Abdulatif mwenye kanzu na koti kuukuu. Wa pili alikuwa Gichovi, askari wa serikali wa wale walioitwa askari kanga, mwenye bunduki begani na uso wa mtu aliyesimama juani siku nzima. Walikuwa wamepiga hodi mara tatu. Moshi ulitoka jikoni, kwa hiyo mtu alikuwemo, lakini hakuna aliyeitika. Mama hakuthubutu kuitika. Na nyumba isiyoitika, katika miaka ile, ilikuwa imeshajitia hatiani nusu.

"Wewe ndio mtoto ya hapa?" Gichovi aliuliza. "Haya. Huyo mjomba yako iko wapi?"

"Ame... ameondoka, afande."

"Ameondoka saa ngapi?"

"Leo asubuhi. Amerudi Laare."

"Na mimi nimesimama kwa kizuizi ya barabara ya Meru tangu asubuhi," Gichovi alisema polepole. "Hakuna Rashid amepita. Kama hakupita kwa barabara, amepitia msitu. Na mtu ya kupitia msitu, sisi tunajua ni mtu gani."

Kila mlango ambao Rahema alijaribu kupitia ulikuwa na kufuli.

"Sikiliza, mwanangu," Mzee Abdulatif alisema. Hakuwa mkali, na hilo ndilo lililomtisha Rahema zaidi. "Nitapeleka habari Laare leo, mjomba wako akamatwe. Mama yako itabidi aende boma la serikali kuhojiwa. Na pasi yake ya hospitali nitaizuia mpaka mambo haya yaishe. Sipendi, lakini na mimi shingo yangu imo humo humo."

Pasi ya hospitali! Rahema alisahau bunduki, akakumbuka kile kipunje chini ya vidole vyake. Mama alikuwa amejifungia mlango mwenyewe, sasa serikali ilitaka kuupigilia misumari kwa nje. Akatazama pazia la mlangoni. Chini yake palionekana ncha za vidole vya miguu, na hina iliyofifia kwenye kucha. Mama alikuwa amesimama pale pale. Alikuwa akisikia kila kitu, na hakusema.

Hakuna mtu mzima wa kumsaidia. Akisema ukweli, atakuwa amemvua mama yake nguo mbele ya wanaume wawili. Akinyamaza, mama yake atakufa, na mjomba asiye na kosa atafungwa pingu. Rahema akajikaza kisabuni.

"Mzee, nimesema uongo," alisema. "Mjomba Rashid hakuja. Hakuna mwanamume humu ndani. Sauti aliyoisikia Mwanatatu ni ya mama yangu. Ilibadilika alipokuwa akidungwa sindano za hospitali. Mimi niliona haya."

Gichovi alicheka. "Mama gani iko na sauti ya dume? Mtoto, wacha kunichezea." Akaishusha bunduki begani na kuuelekea mlango. "Wewe huko ndani! Toka nje, mikono juu!"

"Usimtishe mtoto," sauti ilijibu kutoka nyuma ya pazia. Ilikuwa nene, na ilitetemeka kidogo tu. "Anasema kweli. Mimi ni Mwanabibi, mke wa Idrisi."

Gichovi aliruka nyuma nusura aanguke kutoka barazani. "Ni mwanaume! Mzee, umesikia? Hawa watu wanavaa buibui wapite kwa kizuizi, na huyu ni mmoja yao!"

Hata Mzee Abdulatif alishika kichwa. Alikuwa amemsikia Mwanabibi nyuma ya pazia lile mara nyingi, na sauti hii haikuwa yake. Gichovi alipiga hatua mbele. Bila kujua aliutoa wapi ujasiri, Rahema alisimama katikati ya mlango na kutandaza mikono.

"Afande, nyumba yetu mwanamume haingii hivyo," alisema. "Kama hamniamini, mwiteni Mama Mwanatatu. Yeye ni mwanamke. Aingie amwangalie mwenyewe."

Mzee Abdulatif alimshika Gichovi mkono. "Mtoto anasema la haki. Subiri."

Mama yake Mwanatatu aliitwa Igoki. Alizaliwa Muthara, kule Tigania, akaolewa Majengo akiwa binti mdogo. Alikuwa mwanamke mkubwa wa mwili asiyeogopa bunduki wala mwenye bunduki. Alikuja akijifuta mikono kwa kanga, akampita Gichovi kana kwamba ni kiti, akaingia ndani. Walisikika wanawake wawili wakinong'ona, sauti moja nyembamba na moja nene. Halafu mmoja wao akalia. Gichovi alihama mguu huu hadi huu, jasho likimtiririka chini ya kofia.

Igoki alipotoka, macho yake yalikuwa mekundu.

"Ni Mwanabibi," alisema. "Nimemwona uso, nimeliona na kovu lake. Kweli nyinyi wanaume wawili mmekuja na bunduki kumvizia mwanamke aliyekatwa titi? Wewe Gichovi, weka chuma hicho chini kabla sijaenda kumwambia mama yako."

"Pole, mama," Gichovi alisema, bunduki imeshateremka. Alilisogelea pazia, akavua kofia. "Pole, mama ya hapo ndani. Mimi ni kazi tu imenituma."

"Nimesikia," sauti nene ilijibu. "Mtoto wangu ndiye aliyekudanganya. Sisi ndio tuseme pole."

Mzee Abdulatif alimwita Rahema kando. Hakumpiga wala hakumfokea. "Kama ungeushika uongo ule mpaka kesho," alimwambia, "mjomba wako angefungwa kwa safari ambayo hakusafiri. Umejua hilo?"

"Ndiyo, mzee."

"Pasi ya mama yako nitakupa leo hii. Alhamisi aende."

"Na mimi nitampeleka," Igoki alisema kwa haraka, hata mumewe akashangaa. "Niandikie na mimi pasi. Usiniulize kwa nini."

Baba alirudi kutoka Ishiara siku ya Jumatano na mbuzi wake. Mama alimweleza yote mwenyewe, bila kunong'ona: sauti, nywele, Alhamisi mbili alizokosa na uongo aliomwambia. Baba alisikiliza, ameinamisha kichwa. Kisha akauliza, "Sauti hii ndiyo itakayoniita kula?"

"Ndiyo hii."

"Basi nitakuja," baba alisema, halafu akafuta macho kwa mkono wa shati. "Mbona hukuniambia, Mwanabibi? Ulidhani nilioa koo?" Mama alicheka kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Kicheko chake nacho kilikuwa kimekuwa kinene, na kilipendeza.

Alhamisi, mama, Rahema na Igoki walikuwa hospitalini. Nesi Kathure, Mmeru mfupi mwenye miwani na mwendo wa haraka, aliwapokea kwa ukali.

"Mama Rahema! Alhamisi mbili! Nilidhani umekufa. Ulipotelea wapi?"

"Sikia mwenyewe," mama alisema.

Nesi Kathure alisikia. Ukali wote ulimtoka. Alivuta kiti akakaa mbele ya mama, magoti yao yakigusana. "Imeanza lini? Na kidevuni? Na uso? Kwa nini hukutuambia?"

"Nilidhani nimerogwa. Halafu nikadhani mkisikia mtanicheka."

"Hujarogwa, mama. Ni dawa yetu," nesi alisema. "Ngoja nikueleze, na wewe msichana usikilize. Katika mwili wa mwanamke kuna kitu kinachomfanya awe mwanamke, na kuna kingine katika mwili wa mwanamume kinachompa ndevu na sauti nzito. Uvimbe wako unakula kile cha kike. Kwa hiyo sisi tunakudunga kile cha kiume, ili uvimbe ukose chakula. Unanywea. Lakini dawa haijui kukaa kwapani peke yake. Inatembea mwili mzima, na inafika hata kooni. Wanawake wengine hawapati shida hii kabisa. Wewe umeipata."

"Mbona hamkuniambia tangu mwanzo?"

Nesi Kathure aliitazama mikono yake. "Tuliogopa kwamba ukijua utaikataa. Hilo ni kosa letu, si lako. Utusamehe."

Daktari aliitwa. Alimpima mama, akaligusa kwapa lake kwa muda mrefu. Uvimbe ulikuwa umerudi, daktari alisema, lakini kidogo tu. Bado dawa ingeuweza. Angepunguza kipimo cha sindano, na mama aje aseme kila mabadiliko anayoyaona, hata yale ya kuonea haya. Chunusi zingepungua kwa kuosha uso kwa sabuni laini. Nywele za kidevuni angezikata kwa mkasi badala ya kuzing'oa, zisimletee vidonda.

"Na sauti yangu?" mama aliuliza.

"Sitakudanganya," nesi alisema. "Huenda ikapanda kidogo. Yote kama zamani, sidhani."

Rahema alimwona mama yake akipigana na jambo moyoni mwake, na safari hii hakumharakisha. Mama akainuka, akalalia ubavu kitandani.

"Nipe sindano," alisema.

Ilipokwisha, nesi aliwaruhusu watoke. Mama akasimama na Rahema akasimama, lakini Igoki hakusimama. Alikuwa amekaa kwenye kona, mikono amefumbata mapajani, yule mwanamke asiyeogopa bunduki.

"Nesi," alisema. "Na mimi nina kitu hapa."

Alikuwa nacho tangu mavuno yaliyopita ya njahi, yale maharagwe meusi, katika titi la kulia. Hakumwambia mumewe wala mtu yeyote. "Niliposikia Mwanabibi amekatwa, nikasema bora nife na mwili wangu mzima," alieleza, machozi yakimshuka. "Lakini siku ile niliitwa nikamwangalie. Nikaona kovu limepona. Nikaona mtu mzima, anapika, anazungumza, ana hasira zake. Nikasema, kumbe!"

Nesi Kathure alivuta pazia la kitanda. Rahema na mama yake walisubiri nje, kwenye benchi la baraza ndefu iliyojaa wanawake wenye watoto na vikapu. Muda ulipita. Mwishowe nesi alitokeza, akainama masikioni mwao. "Ni uvimbe mdogo, bado unasogea, haujashika mizizi," alinong'ona. "Daktari atautoa Jumatatu. Amekuja mapema, mapema sana. Asante Mungu kwa aliyemleta." Akarudi ndani kwa mwendo wake wa haraka.

Rahema aliinamisha kichwa. "Mama, siku ile nilipowaambia kuhusu sauti yako, ulinikasirikia?"

"Nilitamani ardhi inimeze," mama alisema. "Halafu nikasikia yule askari anakujia wewe na bunduki, kwa ajili ya kitu nilichokuwa nakificha mimi. Rahema, ulikosea kumsingizia mjomba wako, na ukikosea tena hivyo nitakuchapa, ugonjwa au si ugonjwa. Lakini na mimi nilikosea. Wewe ulidanganya, mimi nikanyamaza, na sisi wawili tulikaribia kunizika. Ukimeza dawa ikakufanyia usilolitarajia, usikimbie na usijifiche. Rudi kwa aliyekupa, umwambie. Na ukiona haya kusema, sema hivyo hivyo ukiona haya. Mwangalie Mama Mwanatatu mle ndani. Ule ukweli uliokuchoma wewe ulimi ndio uliomleta hapa akiwa hajachelewa."

Aliyasema hayo kwa sauti yake yote mpya, nene na pana, na wanawake waliojaa barazani wakageuka kutazama. Rahema alihisi mashavu yakimwaka moto kama zamani. Mama hakuipunguza sauti.

Mwanamke mmoja kijana, mwembamba, aliyejifunga shuka mpaka shingoni, aliinuka mwisho wa benchi akaja akasimama mbele yao. Alisitasita. "Mama, samahani," alisema, na sauti yake nayo ilikwaruza. "Ni nini ilikupatia hiyo sauti?"

Rahema akasogea, wakampisha nafasi katikati. Mama akamshika yule mwanamke mkono, akaanza kumweleza.